Kioo, Plastiki na Anguko la Simu

Lugha yetu imeridhika na neno moja, kioo, kwa vitu viwili ambavyo lugha nyingine nyingi zimevitenga: kile tunachojitazamia nyuso zetu, na kile tunachopitishia macho kuona yaliyo upande wa pili. Tangu simu za mkononi zilipoenea, neno hilo limetwishwa mzigo wa tatu, kwani mtu asemapo kwamba simu yake imepasuka kioo, aliye karibu hamwulizi ni kioo gani. Walakini tangu mwaka 2010 swali hilo lastahili kuulizwa. Katika mwaka huo simu mojawapo iliyo mashuhuri kuliko zote ilitolewa ikiwa na kioo mbele na kioo nyuma, na mgongo wa simu, ambao kabla ya hapo haukuwashughulisha watu wengi, ukaingia katika mabishano ya mafundi, wanunuzi na watunga sheria.

Nakusudia kuzifuata habari za mgongo huo. Hudhaniwa na wengi, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha, ya kwamba simu zilianza na plastiki kwa sababu ya uchache wa ufundi, zikapanda daraja hadi kioo kwa sababu ya maendeleo. Mimi siioni historia hivyo. Naona plastiki ilichaguliwa pale ambapo mtengenezaji alijua kwamba hasara ya kuvunjika ingemrudia yeye mwenyewe, au isingekuwa kubwa kwa mtu yeyote. Na kioo kilitawala hasara hiyo ilipokwisha kuhamia kwa mnunuzi. Ushahidi nitautoa kwa kufuata miaka, ila nitakaa zaidi penye elimu ya kioo chenyewe, kwa kuwa bila elimu hiyo mengine yote huwa maneno ya tangazo la biashara.

Mwaka 1907 Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Yonkers, Marekani, alikuwa akitafuta kitu cha kushika mahali pa shelaki, utomvu wa wadudu uliotumiwa kukinga nyaya za umeme. Alichokipata kikaitwa bakelaiti, nayo huhesabiwa kuwa plastiki ya kwanza iliyoundwa yote kwa kemia. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa thamani ya utomvu: katika karne ya 19 sandarusi ya Mrima ilipitia Unguja ikauzwa mpaka mji wa Salem huko Marekani, ikapikwa kuwa vanishi. Bakelaiti ilikuwa kama sandarusi isiyohitaji mti. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Ericsson ilitoa simu ya mezani iliyofinyangwa kwa bakelaiti, ambayo umbo lake lilitungwa na msanii wa Norwe, Jean Heiberg, na umbo hilo likaigwa katika nchi nyingi. Nyeusi, nzito, yenye kung'aa. Lakini bakelaiti ina ukavu ndani yake, nayo ikianguka juu ya sakafu ya mawe yaweza kupata ufa. Kwa hiyo mafundi wakaendelea kutafuta plastiki zilizo laini zaidi. Simu ya Marekani iitwayo Model 500, kazi ya Henry Dreyfuss, iliyotolewa karibu mwaka 1950, baada ya miaka michache ilivikwa plastiki ya ABS, ambayo ndani yake mna chembe za mpira. Hiyo hupigwa ikabonyea pale ambapo bakelaiti ingetoa ufa.

Kwa nini kampuni ijitaabishe hivyo kwa ajili ya simu ya mezani, ambayo haitoki nyumbani? Jibu li katika daftari la hesabu. Kwa miaka mingi mteja wa Marekani hakuwa mwenye simu. Chombo kilikuwa mali ya kampuni za Bell. Mteja alilipa kodi kila mwezi, na chombo kikiharibika fundi wa kampuni alikuja kukitengeneza. Uingereza nako mteja alikodi simu yake kwa Posta. Simu iliyovunjika ilikuwa hasara ya mwenye kuitengeneza, na maadamu hasara ilikuwa yake, alihakikisha kwamba haivunjiki kwa urahisi. Desturi hiyo ilidumu kwa sehemu kubwa mpaka miaka ya 1970 na 1980, na hata leo wako watu wanaozihifadhi simu za zamani hizo zikilia kama siku zilipotoka kiwandani.

Sasa tukitazame kioo. Kosa kubwa katika mazungumzo ya watu juu ya simu ni kuchanganya ugumu na ushupavu. Ugumu ni uwezo wa kitu kukataa kukwaruzwa. Kisu hukwaruza ukucha, na punje ya mchanga mweupe hukwaruza kisu. Kwa hiyo mchanga ni mgumu kuliko kisu, na kisu kuliko ukucha. Ushupavu ni jambo jingine kabisa: ni uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. Ndala ya mpira ikiangushwa kutoka juu ya mnazi haivunjiki, na bilauri ikianguka kutoka mezani yavunjika, ingawa bilauri yaweza kuikwaruza ndala na ndala haiwezi kuikwaruza bilauri. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilipotangaza simu yake mpya, ilisema kwamba kioo chake kilikuwa kigumu mara 30 kuliko plastiki. Maneno hayo yaweza kuwa kweli tupu, na yasimfae kitu mtu aliyeiangusha simu juu ya saruji.

Sababu ya udhaifu wa kioo ilielezwa vizuri na Mwingereza A. A. Griffith, mhandisi wa mambo ya ndege, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1921. Ukihesabu nguvu ya vifungo vinavyoshikanisha chembe za kioo, utaona kwamba kioo kingepaswa kuwa na nguvu nyingi mno, kuliko ionekanavyo kila siku madirishani. Griffith alivuta nyuzi za kioo akaziona kuwa kadiri zilivyokuwa nyembamba ndivyo zilivyokaribia nguvu ile ya hesabu. Akakata shauri kwamba kioo cha kawaida kina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwamba nguvu yoyote ikivutayo hukusanyika kwenye ncha ya ufa kama maji yakusanyikavyo kwenye tundu la mtumbwi. Katika plastiki, minyororo ya chembe huteleza na kunyooka, ncha ya ufa ikawa butu, ufa ukasimama. Katika kioo hakuna kinachoteleza. Ufa ukianza hukimbia, nao hukimbia zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde.

Hivyo basi, anayetaka kioo chenye kuvumilia hana budi kuzibana nyufa zisifunguke. Siri hiyo ilijulikana kama mchezo kabla haijajulikana kama elimu. Katika mwaka 1660 Prince Rupert, mwana wa mfalme kutoka Ujerumani, alileta Uingereza matone ya kioo yaliyofanywa kwa kudondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji baridi. Kila tone lilikuwa na kichwa mviringo na mkia mrefu mwembamba. Kichwa kikipigwa kwa nyundo hakivunjiki. Mkia ukikatwa kwa vidole tone zima hupasuka likawa unga. Mfalme Charles II aliyapeleka kwa wataalamu wa Royal Society, na Robert Hooke akayaandikia habari katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665. Maelezo yake yote yalikuja kukamilika polepole, na hata mwaka 1994 wataalamu walikuwa bado wakiyapiga picha kwa kamera za mwendo wa kasi. Kwa ufupi ni haya: ngozi ya nje hupoa kwanza na kuganda, moyo wa ndani hupoa baadaye, nao ukitaka kunywea huivuta ngozi kuelekea ndani. Ngozi hubaki imebanwa, na ufa ulio katika ngozi iliyobanwa hauna nafasi ya kufunguka. Lakini moyo umebaki umevutika kama upinde, ukingojea ufa mmoja tu uufikie.

Napenda msomaji alishike tone hili katika fikira zake, maana kila simu yenye kioo imara ni tone la Rupert lililonyooshwa likawa bapa. Namna ya kubana tu ndiyo iliyobadilika. Katika kampuni ya Corning, iliyo katika mji wa jina hilo jimboni New York, yalitokea mambo mawili. La kwanza lilikuwa ajali. Mwaka 1952 mkemia S. Donald Stookey alitia kipande cha kioo katika tanuri ili kikipate joto la nyuzi 600. Tanuri likaharibika likapanda mpaka 900. Alipokitoa kwa koleo alikikuta kimegeuka cheupe, kikamponyoka, kikaanguka sakafuni, kikadunda bila kuvunjika. Ndani ya kioo hicho zilikuwa zimeota fuwele ndogondogo zinazouzuia ufa kwenda mbele, na kwa sababu hiyo kikawa jamaa ya kauri. Kufikia mwaka 1958 kitu kama hicho kilikuwa kikiuzwa kwa umbo la vyombo vya kupikia.

Jambo la pili halikuwa ajali. Wataalamu wa kampuni hiyo walichovya kioo chenye sodiamu katika bafu ya chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 400 hivi. Chembe za potasiamu ni nene kuliko za sodiamu. Katika joto hilo chembe za sodiamu zilizo karibu na uso wa kioo hutoka, za potasiamu zikaingia mahali pao, mfano wa watu wanene walioketishwa katika viti vya watoto. Na kioo kipoapo uso wake hubaki umesongamana. Kioo hicho kilitangazwa mwaka 1962 kwa jina la Chemcor. Kilisifiwa, kikapindwa mbele ya watu bila kukatika, kikajaribiwa katika magari, lakini hakikupata soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi yake ikawekwa kando. Kwa miaka zaidi ya 30 elimu hiyo ilikaa kabatini ikingojea chombo kitakachoihitaji.

Wakati huo huo simu ilitoka nyumbani. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama katika njia ya New York akapiga simu kwa chombo kilichokuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Kilichotokana na chombo hicho kiliuzwa kuanzia mwaka 1983, nacho kilivikwa plastiki, na warithi wake kwa miaka karibu 25 walivikwa plastiki pia. Nokia 3310 ya mwaka 2000 imekuwa methali ya uimara duniani. Nokia 1100 ya mwaka 2003 iliuzwa zaidi ya 250,000,000. Iliundwa kwa kuwafikiria watu wa nchi zinazoendelea, vitufe vyake vikafunikwa visiingie vumbi, ikatiwa tochi. Simu za namna hiyo ndizo ambazo Afrika Mashariki iliziita simu za tochi, na ndizo zilizowafundisha wazee wetu kupiga simu.

Hapa mtu aweza kunipinga. Atasema: simu hizo hazikukodiwa, mnunuzi alizimiliki, na bado zilikuwa za plastiki, iko wapi basi hoja ya daftari la hesabu? Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba katika simu hizo hasara ya kuvunjika ilikuwa ndogo kwa kila mtu. Mgongo ulifunguliwa kwa ukucha. Ulipopata ufa, mwenye simu alikwenda kibandani akanunua mwingine kwa senti chache, wa rangi aliyoipenda, akauvika mwenyewe akiwa amesimama. Na simu ilipoanguka, mgongo uliruka huku, betri ikaruka kule, na pigo likapotea katika kutawanyika huko. Aliyeokota vipande vitatu akavikusanya hakuwa na sababu ya kumlaumu mtu.

Mwaka 2007 mambo mawili yalitukia, kila moja katika bara lake, na kwa historia ya mgongo wa simu nayaona kuwa ndugu. Mwezi Machi huduma ya M-Pesa ilianzishwa Kenya, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Mwezi Juni simu ya kwanza ya Apple iliuzwa Marekani. Huduma ya kwanza iliifanya simu kuwa mkoba wa fedha: tangu hapo simu iliyovunjika haikumnyima mtu mazungumzo tu, bali ilimfungia mlango wa fedha zake mpaka apate chombo kingine. Simu ya pili iliufanya uso mzima kuwa kioo. Chombo kilianza kubebeshwa thamani kubwa zaidi katika saa ile ile kilipoanza kuvikwa kitu chepesi zaidi kuvunjika.

Kioo hicho cha mbele kilikuwa na sababu ya haki. Simu ya Apple ilipoonyeshwa mwezi Januari uso wake ulikuwa wa plastiki, na plastiki ikikaa mfukoni pamoja na funguo hukwaruzika upesi. Tarehe 18 Juni kampuni ilitangaza kwamba imebadilisha na kutia kioo. Steve Jobs alikuwa amekwenda kwa Wendell Weeks, mkuu wa Corning, na elimu ya mwaka 1962 ikatolewa kabatini. Kiwanda cha Harrodsburg, jimboni Kentucky, kikapewa kazi hiyo. Huko kioo kilichoyeyuka hujazwa katika mfereji mpaka kikafurika pande zote mbili, na mikondo miwili ikakutana chini ya mfereji ikashikamana kuwa karatasi moja ambayo nyuso zake hazijaguswa na kitu ila hewa. Kisha kioo huchovywa katika bafu ya potasiamu. Nani atabisha kwamba hii ni kazi ya kustaajabiwa? Uso wa simu lazima upitishe nuru na kukataa mikwaruzo, na kioo hufanya hayo kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo.

Lakini mgongo haupitishi nuru, wala hautazamwi mtu asomapo. Simu ya kwanza ya Apple ilikuwa na mgongo wa alumini wenye sehemu ya plastiki kwa ajili ya mawimbi ya redio. Zile za 2008 na 2009 zilikuwa na migongo ya polikaboneti. Plastiki hii ya polikaboneti iligunduliwa mwaka 1953, karibu wakati mmoja, na Hermann Schnell wa Bayer huko Ujerumani na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani, nayo ni katika vitu vishupavu mno vipitishavyo nuru. Kofia za kujikinga na ngao za askari wa kutuliza ghasia hufanywa kwayo. Hata hivyo mwezi Juni 2010 Apple ilitoa iPhone 4 yenye kioo pande zote mbili. Mwezi uliofuata kampuni ilijikuta ikigawa kava bure kwa wanunuzi, ingawa si kwa ajili ya kuanguka: mkono ulioshika simu vibaya ulidhoofisha mawimbi yake.

Kwa miaka kadhaa mambo hayakuamuliwa. Apple yenyewe iliacha kioo cha nyuma mwaka 2012 ikarudi kwenye alumini. Nokia ilitoa simu za polikaboneti zilizopakwa rangi mpaka moyoni, hata mkwaruzo haukuonyesha rangi nyingine. Samsung iliuza plastiki mpaka Galaxy S5 ya mwaka 2014, ambayo ilistahimili maji na betri yake ilitolewa kwa mkono, nayo ikachekwa na wachambuzi kwa sababu mgongo wake ulionekana wa rahisi. Mwaka uliofuata ikaja Galaxy S6, kioo nyuma na mbele. Wachambuzi wakafurahi. Betri haikutoka tena, na ustahimilivu wa maji ulikuwa umeondolewa. Mwaka 2017 Apple nayo ikarudi kwenye kioo, na simu nyingi za bei kubwa zikafuata njia hiyo.

Sababu iliyotajwa mara nyingi ni kuchaji bila waya. Katika njia hiyo koili iliyo chini hutoa usumaku unaobadilika, na koili iliyo ndani ya simu huugeuza kuwa umeme. Mgongo wa chuma ukiwa katikati huuzuia usumaku huo na wenyewe kupata moto. Hoja hii ni kweli dhidi ya chuma. Dhidi ya plastiki haina nguvu hata kidogo, kwani plastiki hupitisha usumaku na mawimbi ya redio sawa na kioo. Shahidi ni Nokia Lumia 920 ya mwaka 2012: mwili wake ulikuwa polikaboneti, nayo ilichajiwa bila waya miaka mitano kabla ya simu za Apple. Kilichobaki ni mkono na jicho. Kioo ni baridi mkononi, ni kizito kidogo, hung'aa chini ya taa za duka, na mnunuzi aliyefundishwa kwamba plastiki ni ya ndoo na mabeseni hukiona kuwa ni stahili ya fedha nyingi anazotoa. Sisemi kwamba jambo hili ni la kubezwa. Binadamu amependa vitu ving'aavyo tangu shanga zilipoletwa na merikebu za kusi na kaskazi. Nasema tu kwamba ni uzuri, na uzuri usiitwe uimara.

Yatupasa sasa kuliangalia anguko lenyewe. Simu ya gramu 200 ikiponyoka kutoka urefu wa mita 1 hufika chini kwa mwendo wa mita 4.4 hivi kwa sekunde. Kinachoiumiza si mwendo huo, bali ufupi wa nafasi ya kuumaliza. Ikisimamishwa katika nafasi ya milimita 1, nguvu ya kuisimamisha ni kama uzito wake mara 1,000 au zaidi kidogo, yaani ni kama kuitwisha mzigo wa kilo 200. Ikipewa milimita 4, mzigo hushuka hadi kilo 50. Hapa ndipo ilipo faida yote ya kava la mpira au plastiki laini: ni milimita tatu au nne za kubonyea. Simu ikiangukia pembe, mzigo wote huingia mahali pasipozidi punje ya mahindi, na ndiyo sababu kava zilizofikiriwa vizuri huwa nene pembeni. Na zile zenye ukingo ulioinuka kidogo kuzunguka kioo huzuia uso usiguse chini simu ilalapo kifudifudi.

Iko hatari nyingine ambayo milimita hazitoshi kuitibu. Ganda lililobanwa la kioo cha simu ni jembamba, kama unywele au pungufu. Kwenye sakafu laini ya mbao ganda hilo hufanya kazi yake. Kwenye changarawe au saruji iliyokwaruza, punje moja kali ya mchanga yaweza kupenya ganda ikaufikia moyo uliovutika, na hapo simu huwa tone la Rupert lililokatwa mkia. Ndiyo maana mtu huangusha simu mara kumi isipate dhara, na ya kumi na moja, kwa anguko dogo kuliko yote, ikasambaa utando wa buibui. Husema ni bahati mbaya. Lakini huenda mikwaruzo ya miezi mingi ilikuwa imekwisha kulichimba ganda lile. Kioo cha ziada kinachobandikwa juu ya uso wa simu kina faida kwa sababu hiyo hasa: hupokea mikwaruzo, na siku ya anguko hupasuka chenyewe kwanza.

Kwa hiyo msomaji asivutwe mno na maneno ya kwamba kava fulani limefuzu majaribio ya jeshi. Kanuni za jeshi la Marekani ziitwazo MIL-STD-810, zilizoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962, zina jaribio la kuangusha chombo mara 26 kutoka sentimita 122, kwa kila upande, kila ukingo na kila pembe. Katika toleo la 2008 chombo kiliangukia ubao uliolazwa juu ya zege, si zege tupu, na maanguko hayo 26 yaliruhusiwa kugawanywa kwa vyombo mpaka vitano. Jeshi haliwapi watengenezaji cheti. Mtengenezaji hujipima mwenyewe akajisifu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika simu ya leo methali imegeuka ndani nje: uzuri umo ndani, na nje pana kipande cha plastiki. Mtu hulipa fedha nyingi kwa ajili ya mgongo wa kioo, na kabla hajatoka dukani huuficha kwa kava asiuone tena mpaka siku atakapoiuza simu. Plastiki haikushindwa kamwe. Ilitolewa kiwandani kwa mlango wa mbele, ikarudi kwa mlango wa nyuma kwa gharama ya mnunuzi. Asiyenunua kava, au aliyenunua lililo jembamba kwa ajili ya urembo, hupeleka mgongo wake kwa fundi Kariakoo au Luthuli. Kwa fundi hesabu huwa ngumu kuliko za siku za simu ya tochi. Katika simu za Apple kuanzia mwaka 2017 kioo cha nyuma kiligandishwa kwa gundi kali pamoja na fremu, hata mafundi wengine wakanunua mashine za mwali wa leza za kuichoma gundi hiyo; na kampuni yenyewe ilitoza kwa mgongo uliovunjika wa iPhone X dola 549, bei ambayo mtu angeweza kununua kwayo simu nyingine nzima iliyo nzuri. Ukucha wa mwenye simu haukuwa na kazi tena.

Baada ya hapo kumekuwa na kurudi nyuma kwa hatua fupifupi. Samsung ilitoa Galaxy Note20 ya mwaka 2020 kwa dola 999, na Galaxy S21 ya mwaka 2021 kwa dola 799, zote mbili zikiwa na migongo ya polikaboneti. Kelele za wachambuzi zilikuwa nyingi, na mwaka 2022 S22 ikarudishiwa kioo. Apple mwaka 2020 ilianza kuweka mbele ya simu kioo chenye fuwele ndani yake, mjukuu wa kile kilichomponyoka Stookey, na mwaka 2022 iliiunda iPhone 14 ili mgongo wake ufunguke peke yake bila kuvunjavunja simu nzima. Badiliko hilo halikuonekana kwa macho, na halikusifiwa sana siku ya uzinduzi. Kwa fundi lilikuwa na thamani kuliko rangi zote mpya.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 20 Juni 2025 kila simu janja mpya inayotolewa huko lazima iambatane na lebo inayoonyesha, kwa herufi kutoka A mpaka E, jinsi inavyostahimili kuangushwa mara kwa mara, na kwa herufi nyingine jinsi inavyotengenezeka. Mnunuzi aliye dukani aweza kuisoma herufi hiyo kabla ya kutoa fedha, jambo ambalo kung'aa kwa kioo hakukuweza kumwambia. Mwezi Septemba mwaka huo huo Apple ilitoa iPhone 17 Pro. Mwili wake ni alumini, na mgongoni kioo kimebakizwa kama dirisha, mahali ambapo usumaku wa kuchaji hupita. Kava zake zilitangazwa siku ile ile.